Kipande cha Aibu

Muros, 12 Februari 1988

Dada Dorinda,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Inaxio, na mkahawa, na yule paka wenu mwizi wa dagaa. Sisi huku tupo. Mvua haijakatika tangu niliporudi. Mke wangu Sabela anakohoa lakini hataki kulala kitandani, unamjua. Mama yake bado yuko vilevile, hafi haponi. Binti yetu Uxía ameandika kutoka hospitali ya Santiago, anasema zamu zinamchosha ila mwezi wa sita anaolewa hata kama atakwenda kanisani na sare ya uuguzi.

Nakuandikia kushukuru kwa chakula cha Jumapili ile. Dada, ulitutendea haki. Pweza alikuwa laini kama wa nyumbani, na yule chewa wa chumvi kwenye mafuta ya zeituni, jamani, mchuzi ulikuwa mzito mpaka mkate unasimama. Wakwe hawajaacha kusema. Wakili Olazabal kaniambia yeye amezaliwa San Sebastián, amekula kwenye hoteli za watu wanaovaa tai, lakini Wabaski kama yeye na Wagalisia kama sisi kukaa sahani moja vile hajaona. Mkewe, Bi Koro, anasifu hata mapazia. Kwao kila mtu analijua jina la mkahawa wenu, Lau Mahai. Kwa hiyo niliposema mwenye mkahawa ni dada yangu, na mpishi ni shemeji yangu, nilionekana mtu.

Kile kisa kidogo cha mwisho naomba usikitie moyoni. Vitu kama vile hutokea kwenye mikahawa. Nadhani hata wamekwisha kusahau.

Harusi ni tarehe kumi na moja Juni. Tutaongea habari za nani anakuja na nani hawezi.

Ndugu yako,
Amaro


Pasaia, 3 Machi 1988

Amaro, mdogo wangu,

Tuko wazima. Paka kazaa ndani ya kapu la vitunguu, watoto wanne. Bandari imepoa, wiki hii meli mbili zimeuzwa vyuma chakavu, na wanaume wetu wa Muros wanakaa kaunta kuanzia asubuhi wakijifanya wanasoma gazeti. Josune wa duka la mkate kavunjika mguu akicheza dansi, na umri ule! Mpe pole Sabela. Mwambie anywe maji ya moto na asali, aache ukaidi.

Nimefurahi kwamba mapazia yalipendwa. Niliyashona mwenyewe.

Inaxio hajambo. Anakula. Ule mkate aliopewa na Bi Koro, uliofungwa kwenye kitambaa cha meza, kaulaza chini ya mto wake. Nikitaka kuutupa ananishika mkono, ananiambia, "Acha, nimepewa na mama mmoja mwema." Umekuwa mgumu kama tofali sasa. Nimeuacha.

Hukuniambia jambo moja. Walipouliza njiani yule mzee ni nani, uliwajibu nini?

Usipige simu. Unajua simu iko kaunta, na hapa kila mtu ana masikio mapana kama sinia. Andika.

Dorinda


Muros, 15 Machi 1988

Dada mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa wote. Sabela alikunywa maji ya asali, kikohozi kimepungua, sasa anakohoa kwa hasira tu. Nimepaka rangi madirisha ya mbele ili wakwe wakija waone tunaishi kama watu. Kuhani ameshakubali saa sita mchana.

Umeniuliza swali nami nitakujibu, ingawa naona unanitega. Njiani hawakuuliza chochote. Walikuwa wamekwisha kuuliza mezani, nawe ulikuwepo, umesimama na sinia ya jibini. Ulinisikia nilivyosema. Nami nilikusikia ulivyosema.

Dada, nilifanyaje? Jiweke mahali pangu. Tumekaa vizuri, wakili anasimulia habari za babu yake, kwenye sahani ya pweza kimebaki kipande kimoja, kile cha aibu, kila mmoja anamwachia mwenzake kwa heshima. Ghafla mtu kaja kwa nyuma amevaa ndara, shati limefungwa vifungo pembeni, shavu moja limenyolewa na jingine halijanyolewa, kapeleka vidole sahanini, kakichukua, kakila. Mbele ya mama mkwe! Mafuta yanamtiririka kidevuni. Ningesema nini? "Huyu ndiye mpishi niliyewasifia tangu asubuhi"? "Huyu ndiye baba wa ubatizo wa mtoto wangu mnayemwoa"?

Ulimi uliteleza. Basi.

Sasa sikiliza, maana mambo yamebana. Wakwe wanaulizia kila siku mpishi Inaxio, eti wanataka kumshika mkono harusini kwa sababu siku ile "alikuwa sokoni". Akija watamtambua. Watajua nilidanganya, na mtu anayedanganya habari za ukoo wake watamwamini kwa lipi? Uxía atawekwa kwenye mizani kabla hajavuka kizingiti chao. Naomba tuseme shemeji ana mguu mbaya. Mguu ni kitu cha heshima. Wewe uje peke yako, utakaa mbele, karibu yangu.

Uxía hajui lolote. Siku ile alikuwa zamu, nami sitaki ajue.

Nijibu upesi.

Amaro


Pasaia, 30 Aprili 1988

Amaro,

Najua nimechelewa. Umeandika kadi mbili za kuniuliza kama barua ilipotea. Haikupotea. Ilikaa ndani ya mtungi wa pilipili ya unga wiki sita, na kila nikifungua mtungi kupaka pweza naiona, nafunga.

Salamu zimefika. Paka wamebaki wawili. Josune anatembea kwa gongo na bado anajipaka wanja.

Sasa nisikilize wewe.

Umeandika kwamba mtu alikuja akapeleka vidole sahanini. Mtu! Kama hujui kwa nini. Mwaka gani ulikuja huku, Amaro? Ulikuwa na miaka kumi na saba, umeshuka kwenye treni na sanduku la kadibodi, unanuka moshi wa kwetu, na hapa bandarini Wabaski walikuwa wanatuita majina ambayo siandiki. Ulikaa meza ya dirishani pamoja na mabaharia sita. Sahani ikaja, mkala, kikabaki kipande kimoja. Wewe ulikuwa na njaa mpaka macho yamekutoka, lakini mama alitufundisha kwamba anayechukua cha mwisho ni mlafi asiyejua haya. Ukakitazama. Nani alitoka jikoni akifuta mikono kwenye aproni? Nani alikichukua kwa vidole, akatafuna, akasema kwa sauti mkahawa mzima wasikie, "Aibu yenu naibeba mimi, ninyi agizeni sahani nyingine"? Watu walicheka. Ikaja sahani ya pili, ukala ukashiba. Usiniambie umesahau.

Tangu siku ile hiyo ndiyo desturi ya nyumba yetu. Miaka thelathini na moja. Kila mchana, kazi ya jiko ikipoa, Inaxio alikuwa akipita meza kwa meza akichukua kipande cha aibu. Kuna wateja waliokuwa wakikibakiza makusudi ili aje. Kuna mwanamke mmoja wa Rentería, mumewe alipofariki, alikuja akaagiza peke yake, akabakiza kipande, akamngoja.

Jina langu analisahau. Ananiita mama. Anaweka chumvi kwenye kahawa na viatu kwenye tanuri. Lakini jambo hilo hajalisahau. Alishuka ngazi siku ile akafanya kazi yake. Wakwe zako hawakujua. Wewe ulijua. Ulijua, Amaro, ukamtazama usoni ukasema, "Ni mlevi wa bandarini, msimjali."

Nilitaka barua iishie hapo nikufungie na aibu yako. Lakini nimeanza kusema, basi nimalize.

Asubuhi ile ni mimi niliyekuambia usiwaeleze kuhusu ugonjwa. Nilisema tuseme yuko sokoni. Uongo wa kwanza ulitoka kinywani mwangu, wewe ulipokea tu. Na uliposema mlevi, mimi niliweka sinia chini nikamshika kiwiko nikasema, "Twende mzee, nikupeleke nyumbani kwako." Nyumbani kwako! Nikamtoa kwa mlango wa mbele, kwenye mvua, na ndara zake, nikamzungusha mtaa mzima ili wageni wako wasione anapanda ngazi za ndani. Njiani akaniuliza, "Mama, nimefanya kosa gani?" Nikamwambia nyamaza.

Kuna jingine ambalo hakuna anayelijua. Nina ufunguo. Tangu Novemba, saa sita ikifika nampandisha chumbani, namwekea redio, nafunga kwa nje mpaka saa kumi. Wateja nawaambia mgongo unamsumbua. Jumapili ile nilikuwa nababaika na wageni wako, nikasahau kufunga. Ndiyo maana alishuka. Wanaosifu chakula changu hawajui kwamba juu ya vichwa vyao kuna mtu anagonga mlango taratibu, kwa adabu, kama mgeni. Naongeza sauti ya redio ya huku chini mkahawani.

Nampenda. Ndivyo nilivyo, nampenda na namwonea haya. Sikujua kama vitu hivyo viwili vinaweza kukaa tumbo moja.

Harusini siji. Wala mguu hatuna mbovu hapa. Waambie unavyotaka.

Dorinda


Muros, 9 Mei 1988

Dada yangu,

Nimesoma barua yako gatini, kwa sababu nyumbani Sabela angeniona uso. Kisha nikarudi nyumbani nikampa aisome. Alikwenda akafunga madirisha yale niliyopaka rangi, yote, na akalala chumba cha mama yake siku tatu.

Sijasahau sahani ile. Hiyo ndiyo shida. Nilipomwona anakuja, kabla hajafika mezani, nilijua anachokuja kufanya. Nilikuwa na muda wa kuinuka. Nilikuwa na muda wa kusema, "Karibu shemeji, kaa." Nilihesabu vifungo vya shati lake badala yake. Ulimi haukuteleza, dada. Nilikuandikia uongo. Niliuchagua.

Wakwe walikuja jana kupanga mambo ya kanisa. Nimewaambia. Nilitaka kungoja kahawa lakini nilitapika maneno kwenye supu. Nikasema yule mlevi siye mlevi, ni Inaxio, mwenye nyumba, mume wa dada yangu, aliyenilea mimi, baba wa ubatizo wa Uxía, anaumwa akili na mimi nilimkana. Uxía alikuwepo. Aliweka kijiko chini akaniuliza, "Ulisema hivyo kuhusu baba Inaxio? Wewe?" Nikasema ndiyo. Akaondoka mezani.

Wakili alisukuma sahani yake mbali. Nilidhani ndoa imevunjika, nikaanza hata kujiandaa moyoni. Bi Koro ndiye aliyesema. Uso ulimwiva mpaka masikio. "Mungu wangu, nilimpa sadaka mwenye mkate." Akaendelea kulirudia hilo. Halafu akanigeukia, na sauti si ile ya kusifu mapazia: "Bwana Amaro, umetufanya tumdharau mtu nyumbani kwake, tumeshiba chakula chake. Baba yangu mimi alikufa hivyohivyo. Ungetuambia tu."

Ungetuambia tu! Dada, ndiyo hayo tu yaliyokuwa yanatakiwa.

Ndoa ipo. Uxía anazungumza na mimi kwa ndiyo na hapana. Anasema bila baba Inaxio yeye haingii kanisani. Nakusihi mje. Nitakuja kuwachukua mimi mwenyewe, nitamshika mkono kwenye treni, nitamvalisha, nitamlisha. Nitampitisha mbele ya wote nikisema huyu ni nani. Naomba nimwombe msamaha hadharani, maana nilimkosea hadharani.

Na ule ufunguo, dada, sina mdomo wa kukuhukumu.

Amaro


Pasaia, 17 Mei 1988

Mdogo wangu,

Nimepokea. Nimelia kidogo, nimemenya viazi, nimelia tena. Uzee huu.

Hatuwezi kuja. Si hasira. Wiki iliyopita nilimpeleka kwa daktari, mwendo wa dakika ishirini kwa basi, akatetemeka njia nzima akidhani wanamrudisha jeshini. Kutwa nzima na usiku kwenye treni utamuua. Ulipotaka asije, mwezi wa tatu, angeweza kuja. Sasa unamtaka, hawezi. Sikuandikii ili kukuchoma, ndivyo ilivyo.

Nimempigia Uxía hospitalini, nimemwambia aende kanisani bila masharti. Alilia, akakubali. Aliniomba nimpe simu baba yake wa ubatizo. Inaxio alisikiliza, akasema, "Bibi, chakula ni saa saba," akakata.

Ufunguo nimeutupa majini, pale gatini, mbele ya mabaharia wako wa gazeti, na nimewaambia ulikuwa wa nini. Hakuna aliyenitazama. Kesho yake wote walikuwa mezani saa saba kamili, wamejipanga, na kila sahani imebaki kipande. Alikula vipande tisa. Tumbo lilimsumbua mpaka jioni.

Njoo Siku ya Mtakatifu Petro, mwisho wa Juni, ulete na wakwe. Huyo Petro naye alimkana mtu wake, mtaelewana.

Dorinda


Pasaia, 2 Julai 1988

Amaro,

Natumaini ulifika salama. Uliondoka bila kuaga, kofia yako iko hapa kwenye msumari, na Bi Koro alibaki anaomba radhi kwa niaba yako kama vile wewe ni mtoto wake. Picha za harusi nimezibandika kaunta. Uxía kapendeza. Bwana harusi wake, Beñat, anaonekana kama mtu aliyekamatwa, lakini wanaume wote huonekana hivyo siku hiyo. Sabela kanenepa, mpongeze.

Sikupata nafasi ya kuzungumza nawe, kwa hiyo naandika.

Nilikuona ulivyoinuka pale katikati, meza zote tisa zimejaa. Nilikuwa na sufuria ya chewa mkononi naizungusha ili mchuzi ushikane, nikaacha kuizungusha, na mafuta yakajitenga, chakula cha watu wanne kikaharibika. Sijali. Inaxio alikuwa amefika kwenye meza yenu. Nilimnyoa mwenyewe asubuhi, mashavu yote mawili. Ulimshika mkono kabla hajagusa sahani. Ukasema, na sauti yako ilifika mpaka jikoni, "Mimi nilimkana shemeji yangu mbele ya wageni. Nilimwita mlevi ndani ya nyumba yake. Alinilisha nikiwa sina kitu. Namwomba anisamehe."

Hakuna aliyetafuna. Hata wale wa kaunta walivua kofia.

Naye alikusikiliza vizuri, nilimwona, kichwa kimeinama kama anavyosikiliza mteja akiagiza. Hakukuachia mkono. Akakuuliza, "Yuko hai huyo shemeji yako?"

Ukasema, "Yuko hai."

"Sasa mbona unaniambia mimi? Nenda kamwambie mwenyewe, kijana. Fanya haraka, kabla hajazeeka."

Hapo ndipo ulipotoka. Nilikufuata mpaka mlangoni, nikakuona unakwenda stesheni bila kofia, nikarudi, maana watu walikuwa wanangoja chakula. Yeye alikaa kwenye kiti chako. Alimuuliza wakili kama yule kijana ana kwao.

Mdogo wangu, usidhani wewe peke yako. Na mimi nimejaribu. Tangu uondoke nimejaribu mara tatu, mchana, tukiwa wawili, mikono yake nimeishika. Nimemwambia habari za mlango na redio, na mvua ile, na ndara. Nimemwambia nilimfungia mume wangu kama mbuzi kwa sababu nilimwonea haya. Jana ndiyo alinijibu. Alinipangusa uso kwa aproni yake, akaniambia, "Usilie, mama. Mweleze mumeo. Kama ni mtu mwema ataelewa."

Dada yako,
Dorinda